Mtoto Asiyelia: Dalili za Mapema za Upungufu wa Homoni ya Tezi ya Shingo

Katika nyumba yenye mtoto mchanga wageni hawaishi kuja kumpa mzazi hongera, na neno ambalo kila mama hufurahi kulisikia ni hili: "Mtoto wako mpole, hasumbui." Mtoto analala usiku kucha, halii, hadai ziwa. Mama aliyechoka na uzazi anapata nafasi ya kupumzika, na bibi anasema kwamba mjukuu amefuata upole wa babu yake. Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli na hakuna la kuogopa. Lakini wako watoto wachache ambao huonekana wapole kwa sababu mwili wao umekosa nguvu ya kulia. Ndani ya shingo zao kuna tezi ndogo ambayo haifanyi kazi, au haipo kabisa.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya watoto hao. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa wao ni mojawapo ya magonjwa machache yanayodumaza akili ambayo yanaweza kuzuiwa kabisa, tena kwa kidonge kimoja kidogo kwa siku. Pili, muda wa kuuzuia ni mfupi sana: ni majuma, wala si miaka. Mzazi, bibi, mkunga au jirani anayezijua dalili anaweza kumwokoa mtoto na ulemavu wa maisha yote.

TEZI YA SHINGO NI KITU GANI?

Mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, kila mtu ana tezi ndogo yenye umbo linalofanana na kipepeo. Katika vitabu huitwa tezi dundumio. Watu wengi huifahamu pale tu inapovimba na kuwa rovu, yaani goita.

Kazi ya tezi hii ni kutengeneza homoni, yaani kemikali inayosafiri katika damu na kuviamuru viungo vingine vifanye kazi kwa kasi ipasayo. Homoni yake kuu huitwa thairoksini. Ili kuitengeneza, tezi huhitaji madini joto, yaani iodini, ambayo tunayapata katika chakula na hasa katika chumvi iliyoongezwa madini hayo.

Tunaweza kuifananisha thairoksini na kuni katika jiko. Kuni zikipungua, maji hayachemki, chakula hakiivi na jiko lote linapoa. Ndivyo ilivyo katika mwili. Thairoksini ikipungua, moyo hupiga polepole, utumbo husukuma choo polepole, ngozi hupoa na kukauka, na mtu hujisikia mzito na mwenye usingizi. Mtu mzima anapopatwa na hali hiyo, akipewa dawa hurudia hali yake ya zamani. Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti. Ubongo wake bado unajengwa, na kazi hiyo huenda mbio hasa katika miaka mitatu ya kwanza ya maisha. Thairoksini ikikosekana katika majuma na miezi ya mwanzo, sehemu ya kazi hiyo hupita bila kufanyika, na baadaye hakuna dawa ya kuikamilisha yote.

KWA NINI MTOTO HUZALIWA HIVYO?

Katika nchi zinazompima kila mtoto anayezaliwa, imeonekana kwamba kati ya watoto 2,000 hadi 4,000 hivi, mmoja huzaliwa na upungufu huu. Wasichana hupatwa zaidi kuliko wavulana, karibu mara mbili. Watoto wenye ugonjwa wa Down nao wako katika hatari kubwa zaidi.

Sababu zake ni hizi:

1. Tezi haikuumbika vizuri. Hii ndiyo sababu ya watoto wengi, takriban wanane katika kila kumi. Tezi ya mtoto huanza kuumbika karibu na shina la ulimi, kisha hushuka hadi mahali pake shingoni. Kwa baadhi ya watoto haiumbiki kabisa, kwa wengine hubaki ndogo mno, na kwa wengine hukwama njiani.

2. Tezi ipo mahali pake lakini haiwezi kutengeneza homoni ipasavyo. Mara nyingi hii ni hitilafu ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ingawa wazazi wenyewe ni wazima.

3. Mama alikosa madini joto wakati wa ujauzito. Hapo mama na mtoto wote wawili hukosa mali ghafi ya kutengenezea homoni.

4. Sababu za kupita. Mama anayetibiwa kwa dawa za kupunguza nguvu ya tezi, kama vile kabimazo, anaweza kumpitishia mtoto dawa hiyo. Vilevile iodini nyingi kupita kiasi, kwa mfano dawa ya vidonda yenye iodini inapopakwa mara kwa mara kwenye kitovu au ngozi ya mtoto mchanga, huweza kuifunga tezi yake kwa muda.

Tunaomba wasomaji waisome tena orodha hiyo. Hamna ndani yake laana, wala mkosi, wala mama aliyekula mwiko. Katika familia nyingi mama hulaumiwa mtoto anapozaliwa na kasoro, na wakati watu wanabishana ni nani aliyekosea, majuma ya thamani yanapita.

KWA NINI DALILI HUJIFICHA?

Jambo linalowachanganya hata wauguzi ni kwamba watoto wengi wenye ugonjwa huu, zaidi ya tisa katika kila kumi, huonekana wazima siku wanapozaliwa. Uzito ni mzuri, pengine hata kupita wa wenzao. Mkunga hana sababu ya kuwashuku.

Ni kwa sababu mtoto alipokuwa tumboni alipata sehemu ya thairoksini ya mama yake kupitia kondo la nyuma. Homoni hiyo ilimlinda. Baada ya kitovu kukatwa, akiba hupungua siku hadi siku, na jiko huanza kupoa taratibu. Kwa hiyo dalili huja polepole, moja moja, na kila moja inaweza kupewa maelezo mengine. Wanaomwona mtoto kila siku ndio wanaoweza kushindwa kuona anavyobadilika.

DALILI ZA KUANGALIA KATIKA MAJUMA YA KWANZA

Tumezipanga kwa kufuata mambo ambayo mama huyafanya kila siku: kunyonyesha, kuogesha, kubadilisha nepi na kumlaza mtoto.

Wakati wa kunyonyesha. Mtoto mchanga mzima huamka mwenyewe na kudai ziwa, na hunyonya mara 8 hadi 12 kwa usiku na mchana. Mtoto mwenye upungufu wa homoni hana haraka na chakula. Inabidi aamshwe kila mara, hunyonya kidogo, huchoka na kulala tena akiwa bado na ziwa mdomoni. Wengine hupaliwa na kupumua kwa kukoroma, kwa sababu ulimi ni mnene. Ulimi huo huweza kuonekana ukitokeza kati ya midomo hata mtoto anapolala.

Wakati wa kulia. Watoto hawa hulia kwa nadra, na wanapolia sauti ni nzito yenye mkwaruzo, kama ya mtu aliyekaukiwa na koo.

Wakati wa kuoga. Mwili ni wa baridi, hasa mikono na miguu, hata kama mtoto amefunikwa vizuri. Kipimajoto kinaweza kuonyesha chini ya nyuzi 36.5. Ngozi ni kavu, na pengine ina mabakamabaka kama wavu. Uso huonekana umejaa na kope zimevimba. Viungo ni vilegevu: ukimnyanyua, mikono na miguu inaning'inia.

Tazameni pia kichwa. Kila mtoto huzaliwa na utosi ulio laini mbele, lakini nyuma, karibu na kisogo, uwazi huwa mdogo sana au umekwisha fumba. Kwa mtoto mwenye ugonjwa huu, utosi wa mbele huwa mpana kuliko kawaida, na wa nyuma huweza kupitisha ncha ya kidole.

Wakati wa kubadilisha nepi. Mtoto hupata choo kwa shida na kwa nadra tangu siku za mwanzo. Tumbo hujaa, na kitovu hutokeza nje kama kifundo, yaani ngiri ya kitovu.

Rangi ya ngozi na macho. Watoto wengi wachanga hupata umanjano kidogo katika siku za kwanza, nao huisha wenyewe. Lakini umanjano ukiendelea kupita siku 14, lazima sababu yake itafutwe. Upungufu wa homoni ya tezi ni mojawapo ya sababu hizo. Kwa watoto weusi, umanjano huonekana vizuri zaidi katika weupe wa macho, katika fizi na katika viganja. Hapa tuongeze onyo moja: mtoto mwenye umanjano ambaye choo chake ni cheupe kama udongo wa chokaa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ini lake lina hitilafu.

Historia ya ujauzito nayo husaidia. Baadhi ya watoto hawa hupitiliza siku za kuzaliwa, hadi zaidi ya majuma 42.

DALILI MOJA HAITOSHI

Hatupendi kuwatia wazazi hofu bure. Ngiri ya kitovu ni jambo la kawaida sana kwa watoto wetu, na wengi wenye ngiri hiyo hawana ugonjwa wowote. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, akishapita mwezi wa kwanza, anaweza kukaa siku kadhaa bila choo na akawa mzima kabisa, alimradi choo ni laini na anaongezeka uzito. Wengine huchelewa kuisha umanjano kwa sababu tu wananyonya ziwa la mama.

Kwa hiyo tuziangalie dalili kwa ujumla wake. Mtoto mwenye kitovu kilichotokeza lakini anayelia kwa nguvu, anayenyonya kwa pupa na kuongezeka uzito, hana haja ya kutusumbua. Lakini mtoto wa majuma matatu ambaye bado ana umanjano, analala kutwa, hapati choo vizuri na mwili wake ni wa baridi, huyo asisubiri siku ya kliniki. Apelekwe.

MAMBO YANAYOCHELEWESHA WATOTO NYUMBANI

Kila moja ya dalili tulizotaja ina "dawa" yake mitaani na vijijini, na hapo ndipo siku zinapopotea.

Mtoto akilia kwa sauti ya mkwaruzo, wako wanaosema ana kimeo kirefu, naye hupelekwa kukatwa. Kukata kimeo ni hatari: watoto huvuja damu na kupata maambukizo, na sauti haibadiliki, kwa sababu ugonjwa haupo kooni. Kitovu kikitokeza, hubandikwa sarafu na kufungwa kitambaa. Sarafu hairudishi ngiri, na huweza kuleta vidonda. Mtoto akikosa choo, hunyweshwa dawa za chango, ambazo huweza kudhuru ini na figo za mtoto mchanga. Akiwa na umanjano, huanikwa juani kila asubuhi kwa mwezi mzima, na kila siku watu wanasema umepungua.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Wao waliona dalili vizuri kabisa. Walichokosa ni kipimo cha damu cha kuwaonyesha kwamba dalili hizo nne ni matawi ya mti mmoja.

KIPIMO NI KIMOJA

Ugonjwa huu hauthibitishwi kwa macho. Huthibitishwa kwa damu. Katika ubongo kuna tezi nyingine ndogo ambayo kazi yake ni kuisimamia tezi ya shingo. Ikiona thairoksini imepungua, hutoa homoni ya kuiamsha, ambayo katika karatasi za maabara huandikwa TSH. Kwa hiyo TSH ikiwa juu sana na thairoksini, inayoandikwa T4, ikiwa chini, jibu limepatikana.

Katika miaka ya 1970, daktari Jean Dussault wa Quebec nchini Kanada alionyesha kwamba tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi maalum linatosha kumpima mtoto mchanga. Tangu hapo nchi nyingi zenye uwezo zimekuwa zikimchoma kila mtoto kisigino katika siku zake za mwanzo, kwa kawaida akiwa na umri wa siku mbili hadi tano, na kupata jibu kabla dalili hazijaonekana. Matokeo yake ni kwamba katika nchi hizo mtoto aliyedumaa akili kwa ajili ya ugonjwa huu amekuwa nadra kuonekana.

Hapa kwetu Afrika Mashariki upimaji wa kila mtoto bado haujaenea. Hii ndiyo sababu macho ya mama na ya mkunga yana kazi kubwa zaidi huku kwetu kuliko huko. Hata hivyo, kipimo chenyewe kinapatikana katika hospitali za rufaa na katika maabara kadhaa za mijini, na wataalamu wameongezeka. Mwaka 2008 ulianzishwa mjini Nairobi mpango wa kuwafunza madaktari wa watoto kutoka nchi mbalimbali za Afrika ubingwa wa magonjwa ya homoni. Zahanati isiyo na kipimo inaweza kuandika barua ya rufaa. Mzazi aiombe bila woga, na aulize kwa maneno haya: "Je, mtoto wangu anaweza kupimwa tezi ya shingo, TSH na T4?"

TUCHUKUE MFANO

Tuseme wamezaliwa watoto wawili siku moja katika zahanati moja, wote wakiwa na kilo tatu na nusu, na wote wakiwa na tezi ambayo haikuumbika.

Mama wa kwanza anaona siku ya kumi na tano kwamba macho ya mtoto bado ni ya manjano, naye amekuwa akimwamsha ili anyonye. Muuguzi anamsikiliza, anagusa utosi, anaandika rufaa. Nauli inatafutwa, damu inapimwa, na dawa inaanza kabla mtoto hajatimiza mwezi. Baada ya siku chache mtoto anaanza kulia usiku na kuwaamsha watu wote. Katika nyumba hiyo kilio kinapokewa kwa furaha. Mtoto huyo ataketi, atatembea na kuingia darasa la kwanza pamoja na rika lake.

Mama wa pili anaambiwa kila mahali kwamba mtoto ni mpole tu. Miezi inapita. Wenzake wanacheka wakiwa na majuma sita, yeye hacheki. Wenzake wanakaza shingo wakiwa na miezi mitatu, yeye shingo yake bado inalegea. Anapopimwa ana miezi minane. Anapewa dawa ile ile, na kweli anabadilika: umanjano uliishaisha, sasa choo kinatoka, ngozi inalainika, anaanza kurefuka. Lakini katika masomo na katika kusema atabaki nyuma, kwa kiasi ambacho hakuna awezaye kukipima mapema.

Tofauti kati ya watoto hao wawili haikuletwa na utajiri, wala na elimu ya wazazi. Imeletwa na miezi saba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ugonjwa huu, ukuta wote hauwezi kujengwa tena.

Hata hivyo tusije tukaeleweka vibaya. Mtoto aliyechelewa naye apewe dawa, hata akigunduliwa akiwa na mwaka au miaka mitatu. Mwili wake utakua, atapata nguvu, na kiasi cha akili kilichobaki hakitapotea. Hakuna umri ambao ni bure kuanza.

DAWA YAKE

Tiba ya ugonjwa huu ina historia ndefu. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimtibu mgonjwa kwa maji yaliyotolewa katika tezi za kondoo. Tarehe 25 Desemba 1914, siku ya Noeli, Edward Kendall alifaulu kuitenga thairoksini yenyewe katika maabara nchini Marekani. Siku hizi homoni hiyo hutengenezwa viwandani kwa jina la levothairoksini, nayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kipimo chake huamuliwa na daktari. Kwa kawaida mtoto mchanga huanzishiwa mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Yaani mtoto wa kilo 3 hupata kati ya mikrogramu 30 na 45. Inafaa ianze katika majuma mawili ya kwanza ya maisha, au mara tu ugonjwa unapojulikana. Mzazi azingatie mambo haya:

1. Dawa ni ya kila siku, saa ile ile. Isisimamishwe kwa sababu mtoto amepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo kazi ya dawa.

2. Kidonge kisagwe kati ya vijiko viwili safi, kichanganywe na matone machache ya maziwa ya mama au maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, na mtoto apewe mara hiyo hiyo. Kisitiwe katika chupa au kikombe kizima cha maziwa, maana mtoto asipomaliza hutajua amepata kiasi gani. Kisisagwe cha juma zima na kuwekwa.

3. Isitolewe pamoja na dawa ya kuongeza damu yenye chuma, wala kalisi, wala maziwa ya soya. Vitu hivyo huizuia dawa isiingie mwilini. Pawe na nafasi ya saa nne hivi kati yake na dawa ya chuma au kalisi.

4. Itunzwe pakavu, mbali na jua na joto la jikoni, na isiachwe imalizike ndipo ukatafute nyingine.

5. Mtoto arudi kupimwa damu kama alivyopangiwa. Katika majuma ya mwanzo ni mara kwa mara, kisha kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu katika mwaka wa kwanza. Mtoto anakua, na kipimo cha dawa hubadilika pamoja na kilo zake.

Dawa ikizidi, mtoto huhangaika, hutoka jasho, moyo humwenda mbio, huharisha na hapati uzito. Mkiona hivyo rudini hospitali, lakini msiikate dawa kwa uamuzi wenu wenyewe.

MASWALI AMBAYO WAZAZI HUULIZA

Je, atatumia dawa maisha yake yote? Wengi ndiyo, maana tezi ambayo haikuumbika haitaota baadaye. Lakini kwa wale ambao sababu haijulikani au inaonekana ni ya kupita, daktari anaweza kuisimamisha dawa kwa muda mtoto akifika miaka mitatu na kumpima tena. Kabla ya umri huo hatujaribu.

Je, aendelee kunyonya? Ndiyo, bila shaka. Maziwa ya mama ni chakula chake bora kama ilivyo kwa watoto wengine. Apate pia chanjo zote kwa tarehe zake.

Je, mtoto atakayefuata naye atakuwa hivyo? Kama tezi haikuumbika, uwezekano huo kwa kawaida ni mdogo. Kama ni hitilafu ya kurithi ya kutengeneza homoni, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Katika hali zote mbili ni busara kumpima mtoto anayefuata katika siku zake za mwanzo.

CHUMVI NA NYANDA ZA JUU

Tumesema kwamba watoto wengi wana ugonjwa huu kwa sababu ambazo mama hawezi kuzizuia. Lakini lile fungu linalotokana na ukosefu wa madini joto linazuilika kabisa, na linawahusu hasa watu wa milimani. Mvua za karne nyingi huosha madini joto katika udongo wa miinuko na kuyapeleka baharini, na mazao ya udongo huo huyakosa.

Wasomaji wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania wanakumbuka rovu zilivyokuwa jambo la kawaida. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwani Kivu, watafiti waliofanya kazi huko katika miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu kwa watu wengi sana, pamoja na watoto waliodumaa mwili na akili. Mihogo michungu isiyolowekwa vizuri iliongeza tatizo, kwani sumu yake huizuia tezi isiyapate madini joto machache yaliyopo.

Kuanzia mwaka 1986 serikali ya Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge hivyo walisoma shule kwa muda mrefu zaidi, kwa wastani wa theluthi moja ya mwaka au zaidi kidogo, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wasichana. Tangu miaka ya 1990 njia kuu imekuwa chumvi iliyotiwa madini joto.

Mama mjamzito na anayenyonyesha anahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku. Ni kidogo mno: kiasi ambacho mtu anahitaji maisha yake yote hakizidi kijiko cha chai. Lakini kidogo hicho kipatikane kila siku. Kwa hiyo nunueni chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto, iwekeni katika chombo chenye kifuniko, mbali na moshi, jua na unyevu, na itieni katika chakula karibu na kuiva. Chumvi ya mawe inayouzwa kwa kopo sokoni mara nyingi haina madini hayo. Mihogo michungu ilowekwe siku kadhaa na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa.

NENO LA MWISHO

Kwa akina mama: siku ya kumi na nne tangu kujifungua, mtazameni mtoto mchana, kwenye mwanga wa mlangoni. Angalieni macho, ulimi, utosi, ngozi na kitovu. Jiulizeni kama anaamka mwenyewe na kama anapata choo.

Kwa akina baba: mama akisema ana wasiwasi na mtoto, msimwambie asubiri mwisho wa mwezi. Tafuteni nauli.

Kwa wakunga na wauguzi wa zahanati: mama anapowaambia mtoto wake halii, msimpongeze kabla hamjamvua mtoto nguo na kumpima joto na uzito. Mtoto anayefikisha majuma mawili bila kurudia uzito wake wa kuzaliwa ana jambo la kutafutwa.

Na kwa wote mnaokwenda kumwona mzazi: mkimkuta mtoto mpole, msifuni, lakini ulizeni pia ananyonya mara ngapi. Swali hilo ni zawadi nzuri kama sabuni na khanga mlizobeba.